Jinsi ya kuitembelea nyumba ya pondalez pale Morlaix ukatoka umeielewa

Watu wengi wakifika Morlaix, mji mdogo wa zamani kaskazini mwa mkoa wa Finistère huko Bretagne, Ufaransa, wanaenda moja kwa moja kwenye ile nyumba inayoitwa Maison de la Duchesse Anne, wanasimama nje, wanapiga picha vile ghorofa za juu zilivyotokeza barabarani, wanasoma kibao, wanaondoka zao. Inauma kwa kweli. Uso wa mbele ni mzuri sikatai, lakini nyumba za aina hii, zinazoitwa nyumba za pondalez kwasababu ya vijidaraja vya mbao vilivyomo ndani, utamu wake uko katikati, pale ndani ambapo kuna ukumbi mmoja ulio wazi kuanzia sakafuni mpaka kwenye paa, na huwezi kuuona ukiwa mtaani hata ukinyoosha shingo vipi. Kwahiyo naandika hapa namna ya kuitembelea kwa utaratibu, hatua kwa hatua, ili nauli yako isiende bure.

Kufika sio shida. Kutoka Paris unapanda treni ya kasi, TGV, kituo cha Montparnasse, ile inayoelekea Brest, na kwa safari ya moja kwa moja ni kama masaa matatu hivi. Kituo cha treni cha Morlaix kiko juu kilimani na mji wenyewe uko chini bondeni, na treni inaingia kwa kupita juu ya daraja kubwa sana la mawe lililojengwa miaka ya 1860, urefu wake mita 292 na kwenda juu linakaribia mita 60, linapita juu ya mapaa ya watu kabisa. Usichukue teksi kushuka. Shuka kwa miguu kupitia vichochoro vyenye ngazi, wenyewe wanaviita venelles, kuna mmoja unaitwa venelle de la Roche unakushusha mpaka mjini, na hapo utaanza kuelewa tatizo la mji huu tangu zamani: bonde ni jembamba, milima imebana huku na huku, mito miwili ya Jarlot na Queffleuth inakutana hapohapo katikati, ardhi tambarare hamna. Hilo likae kichwani kwasababu ndio litakuambia kwanini nyumba zimekuwa nyembamba na ndefu kwenda nyuma, na kwanini zimepanda juu.

Alafu kabla hujaingia popote jua hela ilitoka wapi. Jibu ni kitani. Karne ya 15 mpaka ya 17 eneo la Léon, lile lililoko magharibi ya mji, lilikuwa linalima kitani na kufuma nguo zilizoitwa crées, na Morlaix ilikuwa bandari yake, meli zinapanda na maji kujaa kutoka baharini mpaka mjini, zinapakia mizigo ya vitambaa kwenda Uingereza na Hispania. Waliokuwa wanauza ndio hao wakajenga. Na kuna jambo moja la Bretagne ambalo mimi nalipenda sana: kwingine Ufaransa mtu wa ukoo wa heshima akifanya biashara alihatarisha kupoteza hadhi yake ya ukoo, lakini Bretagne desturi ilimruhusu hadhi hiyo ailaze, yani iwe imelala wakati anafanya biashara, akiacha biashara inaamka tena. Kwahiyo mjini kulikuwa na wenye nazo ambao ni wafanyabiashara na hapohapo ni watu wa koo kubwa, wanataka duka chini, na wanataka ukumbi wa kibwana wenye meko kubwa kama ule wa nyumba zao za shamba, na kiwanja ni kile kile chembamba. Hiyo nyumba unayoenda kuiona ndio jibu lao.

Jambo lingine la kujua mapema, jina lisikuchanganye. Anne wa Bretagne, yule aliyekuwa malkia wa Ufaransa mara mbili, alipita Morlaix mwaka 1505 akiwa kwenye hija, lakini alifariki mwaka 1514 na hii nyumba inakadiriwa kujengwa miaka ya 1520 hadi 1530 na kitu. Hakulala humo. Jina lilikuja baadaye na likanata. Ukitaka tukio la kweli la kuliunganisha na kipindi hicho chukua mwaka 1522, Waingereza walipouvamia mji, wakapora na kuchoma moto, na baada ya hapo wakazi wakachanga wakajenga ngome katikati ya ghuba, Château du Taureau, kazi ikaanza 1542. Ni mji uliokuwa unajijenga upya huku unaangalia baharini kwa wasiwasi.

Sasa ukifika mbele ya nyumba, iko rue du Mur pale karibu na place Allende, usikimbilie mlango. Vuka barabara usimame mbali kidogo. Anza kuangalia chini kupanda juu. Utaona kila ghorofa imetokeza mbele kuliko ya chini yake, na hii haikuwa urembo tu, juu unapata nafasi zaidi kuliko kiwanja kinavyokuruhusu chini, na maji ya mvua yanadondoka mbali na mbao za ghorofa ya chini, na Bretagne mvua ipo kweli kweli. Angalia boriti zinazobeba hizo ghorofa, angalia nguzo za pembeni, kuna sanamu za watakatifu zimechongwa pamoja na viumbe vya ajabu ajabu vya kuchekesha, na hapo ndipo unaona nyumba imesimama kwenye mpaka wa nyakati mbili, wachongaji mikono yao bado ni ya zama za kati lakini mapambo ya mtindo mpya kutoka Italia, ule wa Renaissance, yameshaanza kuwafikia. Alafu angalia pembeni: kuta za ubavuni zinazogusana na majirani ni za mawe, mbele ndio mbao. Hii sababu yake ni ya akili sana. Ukuta wa jiwe ndio unabeba meko na dohani na ndio unazuia moto usiruke kwa jirani, na mbele ukitumia mbao unaweza kufungua madirisha mapana, ukapata mwanga. Nyumba jirani mjini utaona nyingine zimefunikwa vigae vyembamba vya jiwe jeusi mpaka ukutani sio paani tu, ni kinga ya unyevu hiyo, na chini yake mara nyingi kuna mbao kama hizi.

Dakika tano za nje zinatosha. Ingia.

Ndani utapita kwanza sehemu ya mbele ambayo ndio ilikuwa ya duka, usikae sana hapo, endelea mpaka utoke kwenye ukumbi alafu simama katikati kabisa usiongee. Macho hayana pazia, yatakimbilia ngazi, we yazuie kwanza, angalia ukuta wa jiwe wenye meko. Meko ni kubwa kupita kiasi kwa nyumba ya mjini, na ukiifuatilia dohani yake kwa macho inakupeleka juu, juu, juu, unakuta hakuna dari. Ukumbi unaenda mpaka kwenye paa na mwanga unaingia kutokea kule juu, ndio maana nyumba hizi wengine wanaziita nyumba za taa. Fikiria mahali pale bila hicho kisima cha mwanga: kiwanja kirefu, jirani kulia, jirani kushoto, duka mbele, vyumba nyuma, katikati pangekuwa giza tupu. Yani walichofanya ni kuchukua kile ambacho kingekuwa ua wa katikati wakakiezeka, wakakifanya chumba cha heshima kuliko vyote. Mteja mkubwa kutoka nje anapitishwa dukani anaingia hapo, anaota moto, anaangalia juu, anajua anafanya biashara na nani.

Sasa ndio uende kwenye ngazi, na hapa chukua muda wako wote. Ni ngazi ya kuzunguka iliyowekwa kwenye kona ya ukumbi, ya mti wa mwaloni, na nguzo yake inayotazama ukumbini inapanda kama mita 11, inaelezwa kwamba ni gogo moja limechongwa lote. Sogea karibu, usiguse, anza kusoma kuanzia chini. Kwenye kila usawa wa ghorofa kuna mtakatifu amesimama, ana kivuli chake juu ya kichwa kilichochongwa kama kibanda kidogo cha kanisa, na kati ya mmoja na mwingine nakshi zinajaza nafasi. Angalia mikunjo ya nguo za hizo sanamu, angalia chini ya miguu yao. Alafu hamia kwenye mbao za pembeni na za kingo, tafuta zile zilizochongwa mistari ya kusimama inayopinda pinda na kukunjika mwishoni, ni mchongo wa kitambaa kilichokunjwa, ulikuwa mtindo wa sehemu nyingi za Ulaya kaskazini wakati huo, lakini kuukuta kwenye nyumba ambayo kila senti yake imetokana na kitani mi naona una uzito mwingine kabisa. Ukiona vyaelea vimeundwa: tafuta pia zilipoungana mbao, utaona vichwa vidogo vya mviringo, hiyo ni misumari ya mti, mwaloni ndani ya mwaloni. Ndio ufundi wa seremala wa wakati ule, ulimi unaingia kwenye tundu alafu unafungwa kwa mti, na ndio maana fremu inaweza kucheza kidogo ikabadilika na unyevu bila kupasuka, na ndio maana pia hakuna mstari ulionyooka humo ndani. Usishangae sakafu kukuinamisha. Nyumba imekula chumvi nyingi.

Ukiruhusiwa kupanda, panda taratibu, vidato vya ngazi vimelika katikati kwa miguu ya karne tano. Na ukifika ghorofa ya kwanza ndipo unakutana na chenyewe, pondalez. Hili ni jina la Kibretoni la vile vijidaraja vya mbao vinavyotoka kwenye ngazi, vinapita juu ya ukumbi vikiwa vimeegemea ukutani, vinakupeleka kwenye vyumba vya upande wa barabarani au vya upande wa nyuma. Ngazi ni moja tu, vyumba viko pande mbili, katikati kuna uwazi, kwahiyo lazima uvuke. Simama juu ya daraja hilo uangalie chini kwenye ukumbi ulipokuwa umesimama mwanzo, alafu uangalie juu kwenye daraja la ghorofa inayofuata, na hapo akili inafunguka yote kwa pamoja: bwana wa nyumba akitoka chumbani kwake asubuhi anaona nani ameingia, nani anaondoka na mzigo gani, moto umewashwa au bado, na aliyeko chini akiinua kichwa anamuona bwana anapita juu yake. Hakuna anayepita humo bila kuonekana. Sijui nyumba nyingine ya mjini ya zama zile ambayo imemaliza mambo ya biashara, familia, mwanga na cheo kwa mpango mmoja hivi, na mpango huu unahesabika kuwa ni wa Morlaix wenyewe, ndio maana mji unajivunia.

Ukitoka hapo usiondoke mjini bado. Tembea mpaka Grand'Rue, ni mtaa wa waenda kwa miguu, karibu tu, na nenda namba 9. Ni nyumba nyingine ya pondalez, hii ni mali ya mji na inaendeshwa na makumbusho, na kazi yake kwako ni kulinganisha. Ile ya kwanza ulikuwa bado unashangaa, hii ya pili unaingia unajua unatafuta nini: ukumbi uko wapi, meko iko ubavu gani, ngazi kona ipi, daraja linavuka kwenda wapi. Nakushauri ufuate mpangilio huo huo, Duchesse Anne kwanza, namba 9 baadaye. Na mtaani hapo Grand'Rue angalia maduka ya zamani usawa wa kiuno, kuna mbele za maduka bado zina kaunta ya jiwe la graniti inayotazama barabarani, muuzaji alikuwa anakaa ndani anapanga bidhaa juu ya hilo jiwe.

Sasa kuhusu ulinzi wa kisheria, maana utaona maneno monument historique, yani jengo la kihistoria linalolindwa, kila mahali na ni vizuri uelewe yanamaanisha nini, hasa kama unaishi Ufaransa na umewahi kuwaza kununua au kupanga nyumba ya zamani. Ile ya Duchesse Anne iliingizwa kwenye orodha tangu 1883, mapema sana, na mtu akijua historia ya mji anashukuru, kwasababu karne ya 19 na mwanzo wa 20 nyumba nyingi za aina hii zilibomolewa na ngazi zake zikauzwa vipande vipande. Sheria kuu ilikuja tarehe 31 Desemba 1913 na ngazi za ulinzi ni mbili. Ya juu inaitwa classé, ya chini yake inaitwa inscrit. Nyumba ikiwa classé, kabla ya kukarabati hata kipande kidogo unaomba kibali cha mkuu wa serikali wa kanda kupitia ofisi ya utamaduni inayoitwa DRAC, na uombe mapema kwasababu majibu yanaweza kuchukua hadi miezi sita, na kazi ya urejeshaji inasimamiwa na msanifu mwenye sifa maalum za majengo ya kale, sio fundi yeyote. Ikiwa inscrit, lazima utoe taarifa miezi minne kabla ya kuanza, au uombe kibali cha ujenzi kama kazi ni kubwa. Na usidhani nyumba yako ya kawaida imesalimika kisa haimo kwenye orodha, kama iko jirani na jengo linalolindwa, kawaida ndani ya mita 500 au ndani ya mpaka maalum uliochorwa, rangi ya dirisha tu inabidi ipite kwa msanifu wa serikali anayeitwa ABF. Kujua nyumba fulani imelindwa kiasi gani ni rahisi na ni bure, ingia mtandaoni kwenye tovuti ya wizara ya utamaduni inaitwa POP, andika jina la mji, utaletewa orodha, na soma kwa makini ni sehemu gani iliyolindwa maana wakati mwingine ni uso wa mbele tu, wakati mwingine ni ngazi tu, wakati mwingine ni jengo zima, na tofauti hiyo ni hela ndefu kwa anayenunua. Kwa upande mwingine mwenye nyumba haachwi peke yake, serikali inaweza kuchangia gharama za ukarabati na kuna unafuu wa kodi, ila una masharti yake, mfano kuahidi kuimiliki nyumba kwa miaka 15.

Na kuna kosa moja ambalo wasimamizi wa majengo haya wanalipigia kelele kuliko yote, saruji. Ukuta wa mawe wa zamani umejengwa kwa chokaa na udongo, unavuta unyevu na kuutoa, ukiupiga plasta ya saruji unyevu unakwama ndani, unapanda, unakutana na kichwa cha boriti ya mwaloni na boriti inaoza taratibu huku nje kunang'aa. Mtu wa Unguja au Lamu hahitaji kuelezwa zaidi hapo, kuta za matumbawe za Mji Mkongwe zimeumizwa na saruji ile ile kwa namna ile ile, na dawa ni moja, chokaa irudi.

Mambo ya kuzingatia siku yenyewe. Nyumba ya Duchesse Anne haifunguliwi mwaka mzima, ni kipindi cha utalii cha miezi ya joto, na saa zinabadilika, kwahiyo piga simu au angalia kwa ofisi ya utalii kabla hujakata tiketi ya treni, ofisi yenyewe iko ndani ya Maison Penanault, nayo nyumba ya mawe ya zamani, karibu na daraja la reli. Kiingilio ni kidogo. Nenda asubuhi au mchana jua likiwa juu, mwanga wa ukumbi unategemea paa, ukienda jioni umejipunja. Vaa viatu visivyoteleza, ngazi ni nyembamba, na mwenye magoti mabovu abaki ukumbini bila kujisikia vibaya, chini ndio kunaonekana vizuri kuliko kote. Zima flashi. Watoto washikwe mkono wakiwa juu ya pondalez. Jumamosi kuna soko mjini, mji umechangamka ila umejaa, kama unataka utulivu chagua siku nyingine. Wikiendi ya tatu ya Septemba ni siku za urithi Ufaransa nzima, majengo mengi ambayo kawaida yamefungwa yanafunguliwa, na ndio wikiendi ambayo mimi ningeichagua.

Na wewe uliyeko Uingereza ambaye safari ya Bretagne ni mbali, makumbusho ya V&A (Victoria and Albert) pale London wanayo ngazi nzima iliyotolewa kwenye nyumba ya Grand'Rue ya Morlaix, ya miaka hiyo hiyo ya 1520, na kuingia makumbusho ni bure. Angalia kwenye tovuti yao iko chumba gani na kama imewekwa hadharani siku unayoenda, alafu anza nayo chini kupanda juu kama nilivyoeleza, ila kumbuka pale unaona nguzo na nakshi bila ukumbi wake, bila meko na bila mwanga wa paani, kwahiyo ichukue kama maandalizi ya kwenda Morlaix.